Umekataa Panga, Usimkatae Baba



Kijana mmoja wa Kerenge, wilayani Korogwe, alinifuata baada ya Misa tukakaa chini ya mwembe. Ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja jina. Ng'ombe wa jirani mfugaji waliingia shambani kwao wakala mahindi yaliyokwisha kubeba. Baba yake akamwambia: "Chukua panga, usiku tukawakate miguu ng'ombe wake." Kijana akakataa. Mzee akafoka: "Kumbe huko kanisani hamfundishwi amri ya nne?" Tangu siku hiyo mzee hamsemeshi.

"Padri," akaniuliza, "nimetenda dhambi?"

Ndugu yangu, ungemjibu nini?

Kuwaheshimu baba na mama ni amri ya Mungu, wala hakuna awezaye kuifuta. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso juu ya watoto na wazazi, aliuweka utii huo ndani ya Bwana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2217, inaeleza wazi: mtoto akisadiki katika dhamiri yake kwamba agizo fulani ni ovu, asilifuate. Mungu hakutuumba kama mbuzi wa kuvutwa kamba. Ametupa hiari ili tumtii kwa kupenda. Siku ya hukumu, neno "niliagizwa" halitatuokoa.

Hata hivyo, tusiifanye dhamiri kichaka cha kujifichia. Anayekataa kwenda kulima na baba yake kwa uvivu, asiseme dhamiri imemzuia. Dhamiri hulelewa kwa Neno la Mungu, sala na mashauri ya Kanisa.

Mtazame Mwenyeheri Anuarite Nengapeta wa Kongo, mtawa wa Shirika la Jamaa Takatifu. Aliweka nadhiri ya utii kwa hiari yake. Mwaka 1964, waasi wa Simba waliwachukua yeye na masista wenzake kutoka konventi yao ya Bafwabaka hadi Isiro. Huko kanali mmoja alitaka kumfanya mke wake kwa nguvu. Sista alikataa. Usiku wa kuamkia Desemba 1 aliuawa, akiwa na miaka 24, huku akimwambia muuaji wake kwamba amemsamehe. Yule aliyezoea kutii alijua pia ni nani asiyestahili kutiiwa. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa, Agosti 15, 1985, naye alitamka msamaha kwa muuaji huyo.

Utasema: "Padri, basi tuache mahindi yetu yaliwe?" La, hasha. Kanisa halimkatazi mtu kujilinda anapovamiwa. Lakini kwenda usiku kukata ng'ombe waliokwisha kurudi zizini ni kisasi, na kesho yake kisasi hicho kitarudi mlangoni kwako kikiwa na mkuki. Wala kukataa kisasi si kunyamaza. Soma Yohane sura ya 18: Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini alimuuliza aliyempiga kwa nini anampiga. Aliidai haki bila kuinua mkono.

Ndipo nikamjibu kijana: "Hukutenda dhambi kwa kukataa. Lakini kazi yako haijaisha. Umekataa panga, usimkatae baba. Hasara aliyoipata mzee ni ya kweli, na hasira yake ina sababu. Nenda naye kwa mtendaji wa kijiji. Ombeni afisa ugani aje apime hasara. Jirani akiitwa, simama na baba yako, useme ulichokiona. Na kila asubuhi mwamkie, hata asipoitikia."

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kukataa agizo baya huchukua dakika moja. Kuendelea kumpenda aliyekuagiza huchukua siku nyingi, na hapo ndipo wengi wetu huchoka.

Nilipoonana naye tena, aliniambia wamekwenda kwa mtendaji pamoja, mzee akitangulia, yeye akifuata nyuma. Njia nzima hawakusema neno. Shikamoo yake bado haijaitikiwa.

Mpendwa msomaji, waombee wote wawili. Kisha ujiulize: ni nani nyumbani kwako anayengoja uendelee kumwamkia?

Nakutakia Dominika njema.