Haki, Roho na Neno: Lugha ya Mafunzo ya Theolojia na Lugha ya Mimbari katika Kibera na Kawangware

1. Utangulizi

Yeyote anayejiandaa kwa kazi ya uchungaji mjini Nairobi hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Hujifunza Biblia na theolojia. Na hujifunza pia, pasipo kufundishwa waziwazi, ni lugha gani iliyo ya elimu na ni lugha gani iliyo ya watu. Vitabu anavyovisoma, mihadhara anayoisikiliza na mitihani anayoifanya ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Lakini mahubiri atakayoyatoa, mazishi atakayoyaongoza na faraja atakayowapa wagonjwa vitakuwa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kabila, na mara nyingi kwa mchanganyiko wa lugha hizo.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo yanayozipata maana za maandiko wakati mwanafunzi huyo avukapo kutoka lugha ya darasani kwenda lugha ya mimbari. Mfano wetu ni mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, ambako wahubiri ni wengi na wanaopata nafasi ya kusomea kazi hiyo chuoni ni wachache. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili si chombo cha kusafirishia maana zilizokwisha kupatikana kwa Kiingereza. Biblia ya Kiswahili ni matini inayostahili kufafanuliwa yenyewe, ikilinganishwa moja kwa moja na Kiyunani na Kiebrania. Mhubiri asiyefundishwa kufanya hivyo huenda akapoteza kile ambacho lugha yake imekwisha kumpa.

2. Mitaa miwili na lugha zake

Kibera ilianza kama makao ya askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Kiingereza lililoitwa King's African Rifles. Wazao wao ni Wanubi, na jina la mtaa lenyewe hutokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kinubi ni krioli iliyojengwa juu ya Kiarabu. Baadaye Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo walihamia huko kutafuta kazi na nyumba za kodi nafuu. Kwa hiyo Mkristo wa Kibera huishi jirani na Mwislamu, na wote wawili hutumia maneno yale yale: imani, dhambi, toba, rehema, nabii. Kila mmoja huyasikia kwa mujibu wa mafundisho ya dini yake.

Kawangware iko upande wa Dagoretti, katika nchi iliyokuwa ya Wakikuyu tangu zamani, nayo imepokea wahamiaji wengi, hasa Waluhya. Humo, kama ilivyo Kibera, kanisa Katoliki na makanisa yaliyoanzishwa na wamisionari hukaa bega kwa bega na makanisa ya Kiafrika yenye kujitegemea na ya Kipentekoste, ambayo mengi hukutana katika majengo ya mabati.

Uchaguzi wa lugha ya ibada katika mitaa hii si jambo dogo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliikumba Kibera. Na mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa rais, majirani walishambuliana Kawangware kwa misingi ya kabila. Mhubiri anayetumia lugha ya kabila moja huwafariji walio wake, lakini huwafungia wengine mlango. Kiswahili ndicho uwanja wa wote, hata kama kimechanganywa na Sheng kwa ajili ya vijana.

3. Mahali pa kusomea

Nairobi na viunga vyake havikupungukiwa na vyuo vya theolojia. Chuo kilichoanzia Frere Town, Mombasa, mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wajesuiti walifungua Hekima College mwaka 1984 karibu na Ngong Road, mwendo mfupi kutoka Kibera. Karen kuna chuo cha Kiinjili kilichoanza mwaka 1983, ambacho sasa ni Africa International University. Katika vyuo hivi vyote lugha ya kufundishia ni Kiingereza.

Zimekuwako pia juhudi za kuyaleta masomo karibu na mhubiri asiyeweza kuacha kazi wala familia yake. Utaratibu wa elimu ya theolojia kwa enezi, ulioanza Guatemala mwaka 1963, ulienea Afrika Mashariki. Mwanafunzi husoma nyumbani, kisha hukutana na wenzake na mwalimu kwa vipindi. Carlile College, chuo cha Church Army, kiliendesha kituo cha utume wa mijini huko Kibera, ili wachungaji wa mitaa kama hii wasome papo hapo wanapofanya kazi. Tanzania nako vyuo vya Biblia vya makanisa, kama kile cha Mwika, Kilimanjaro, vimefundisha wainjilisti kwa Kiswahili. Hata hivyo, mgawanyo wa ngazi umebaki ule ule: Kiswahili huachiwa ngazi za chini, na shahada hupatikana kwa Kiingereza.

4. Mifano mitatu

Ili hoja isibaki hewani, na tuangalie maneno matatu ambayo hakuna mhubiri anayeweza kuyakwepa. Biblia tunayoirejelea ni tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952 ili kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri za Unguja na Mombasa.

4.1 Haki

Katika nyaraka za Paulo, jina dikaiosyne na kitenzi dikaioun vina shina moja. Kiingereza hulazimika kuligawa shina hilo. Hutumia neno moja, la asili yake chenyewe, kwa wema wa mtu mbele ya Mungu, na jingine, la asili ya Kilatini, kwa mambo ya mahakama na serikali. Kiswahili hakikulazimika kugawa. Neno haki, lililotoka katika Kiarabu, hubeba yote mawili, na watafsiri walilitumia pia kuundia istilahi kuhesabiwa haki.

Sasa mwanafunzi aliyesoma Waraka kwa Warumi kwa Kiingereza anarudi Kibera. Waumini wake walishuhudia Julai 2018, nyumba za maelfu ya watu zilipobomolewa ili kupisha barabara ya kwenda Lang'ata. Kwao haki ni kile mtu anachostahili kupewa: ujira wake, makao yake, kusikilizwa kwake. Mwanafunzi huyo huanza mahubiri kwa kuwaambia kwamba haki ya Paulo si haki wanayoijua. Kwa kusema hivyo ameleta mimbarini mgawanyiko ambao haumo katika Kiyunani wala katika Kiswahili, bali umo katika lugha aliyosomea.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mhubiri asiyesoma kabisa aweza kudhani kwamba Paulo anazungumzia madai ya viwanja. Neno moja kubeba maana mbili hakumaanishi kwamba maana hizo hazitofautiani. Kazi ya mfafanuzi ni kuonyesha jinsi zinavyoshikamana: kwamba Mungu anayemhesabia mtu haki ndiye yule anayedaiwa haki na maskini katika Zaburi. Katika Amosi 5:24 ugumu huongezeka, kwa sababu neno la Kiebrania mishpat limetafsiriwa hukumu, nalo tsedaqah limetafsiriwa haki. Msikilizaji wa leo asikiapo hukumu huwaza kifungo au faini, na tumaini la nabii linageuka kuwa tishio. Ufafanuzi wa Kiingereza hauwezi kumwonya mhubiri juu ya hatari hiyo, maana haimo katika Kiingereza.

4.2 Roho, pepo na upepo

Neno la Kiyunani pneuma lina maana ya upepo na pia ya roho, na mazungumzo ya Yesu na Nikodemo katika Yohana 3:8 yamejengwa juu ya maana hizo mbili. Kiswahili kina shina la Kibantu lenye uwezo huo huo, maana upepo na pepo ni ndugu. Lakini watafsiri walilitenga shina hilo. Pneuma ikiwa takatifu huitwa Roho. Ikiwa chafu huitwa pepo. Ikivuma huitwa upepo. Neno moja la Kiyunani limekuwa matatu, na mchezo wa maana katika mazungumzo yale umefichika. Kwa upande mwingine, neno roho, kwa kuwa limetoka katika Kiarabu, ni jamaa wa ruah ya Kiebrania inayotajwa katika Mwanzo 1:2. Hivyo Kiswahili kimepoteza upande mmoja na kupata upande mwingine.

Sarufi nayo ina mafundisho yake. Twasema roho yangu inauma, kwa upatanisho wa ngeli ya N-. Lakini twasema Roho Mtakatifu alishuka, kwa upatanisho wa watu. Katika Kiyunani pneuma si ya kiume wala ya kike, na katika Kiebrania ruah kwa kawaida ni ya kike. Fundisho kwamba Roho ni nafsi, ambalo mabaraza ya kanisa yalilijadili kwa muda mrefu, Mswahili hulitamka kwa kiambishi kimoja.

Jambo hili lina uzito wa kichungaji. Makanisa ya Roho yaliyoanzia magharibi mwa Kenya yana waumini wao Nairobi, na kuombea wenye pepo ni kazi ya kila juma katika makanisa mengi ya mitaa hii. John Mbiti aliwahi kuandika kisa cha msomi wa Kiafrika aliyerudi kijijini kutoka ng'ambo na shahada ya theolojia na lugha nyingi za kigeni. Dada yake alipopagawa na pepo, watu wakamtazama yeye. Naye akafungua kitabu cha Bultmann, mwanatheolojia wa Kijerumani, asipate humo cha kumsaidia. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, lakini ndani yake mna swali la lugha. Msomi yule alikuwa na istilahi za kulieleza tatizo kwa maprofesa wake, wala hakuwa nazo za kulieleza kwa jamaa zake. Mbiti mwenyewe alitoa jibu kwa matendo: mwaka 2014 ilichapishwa tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kiyunani.

4.3 Neno

Mfano wa tatu ni mwanzo wa Injili ya Yohana. Logos ni jina la jinsia ya kiume katika Kiyunani, kwa hiyo kiwakilishi cha kiume kinacholifuata ni takwa la sarufi tu. Hakithibitishi kwamba anayesemwa ni nafsi. Katika Kiswahili, Neno ni la ngeli ya JI-/MA-, na upatanisho wake wa kawaida ni li-. Watafsiri walikuwa hawana budi kuamua. Waliamua kutumia naye, huyo na kiambishi a-, tangu aya za kwanza kabisa, kabla Yohana hajafika mahali pa kusema kwamba Neno alifanyika mwili. Uamuzi huo ni ufafanuzi kamili wa kitheolojia. Mwanafunzi wa Kawangware aliyejua sarufi ya lugha yake angeweza kuuona, kuupima na kuujadili. Lakini darasani hakuna anayemwelekeza kuutazama.

5. Suala la vyeti

Mtu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya wanaisimu tu. Matukio ya Kenya yanaonyesha sivyo. Januari 2016 Mwanasheria Mkuu alitoa rasimu ya kanuni zilizotaka viongozi wa dini wawe na sifa za elimu ya theolojia kutoka chuo kinachotambuliwa. Makanisa yalipinga, na kanuni zikaondolewa muda mfupi baadaye. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu wa kundi moja la dini, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Mei mwaka huo Rais aliunda jopo kazi chini ya Kasisi Mutava Musyimi, nalo likatoa ripoti yake Julai 2024. Swali la elimu ya mhubiri likarudi mezani.

Shakahola hutukumbusha kwamba ufasaha si kinga. Mtu aweza kuyatamka maandiko kwa lugha inayoeleweka na wote na bado akayapotosha hadi kuua. Haja ya masomo, kwa hiyo, haina ubishi. Lakini cheti kikiwa cha Kiingereza pekee, mwanamke anayeongoza kanisa la mabati Gatwekera, aliyeisoma Biblia ya Kiswahili kwa miaka 20, atahesabiwa kuwa hajasoma. Na kijana aliyekariri istilahi asizoweza kuzifafanua kwa waumini wake atahesabiwa kuwa amefuzu. Sheria ingepima Kiingereza huku ikidhani inapima theolojia. Ikumbukwe kwamba Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

6. Hitimisho

Pingamizi kubwa ni la vitabu: fafanuzi za kitaalamu za Biblia zilizoandikwa kwa Kiingereza ni nyingi mno kuliko za Kiswahili, na anayekosa Kiingereza hukosa maktaba nzima. Pingamizi hilo ni la kweli, wala hatupendekezi Kiingereza kiondolewe vyuoni. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kiyunani na Kiebrania vifundishwe kwa kulinganishwa na Kiswahili, ngeli na minyambuliko yake. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kuandika tasnifu na mitihani ya ufafanuzi wa maandiko kwa Kiswahili katika ngazi zote. Tatu, idara za lugha za vyuo vikuu zikusanye istilahi jinsi zinavyotumiwa mimbarini katika mitaa kama Kibera na Kawangware, na kuzichunguza kwa kuzingatia matini za asili, kabla ya kubuni nyingine mpya ofisini.

Kazi hii ya tatu ni yetu. Wanatheolojia hawawezi kuifanya bila wanaisimu, nao wanaisimu wameiacha kwa muda mrefu kana kwamba Biblia ya Kiswahili ni mali ya makanisa tu. Ni miongoni mwa matini za Kiswahili zinazosomwa na watu wengi zaidi, na maneno yake huamua kila juma jinsi watu wa mitaa hii wanavyoielewa haki yao na majirani zao.