Gita la Besi: Je, Mchagua Jembe si Mkulima?

Ndugu msomaji, ukipita Bariadi usiku wa Jumamosi, katika miezi ambayo wakulima wamekwisha kuuza pamba yao na harusi zinafuatana, utausikia muziki kabla hujaziona taa. Sauti itakayokufikia kwanza si ya mwimbaji, wala si ya gita la solo. Itakuwa mdundo mzito unaotikisa kioo cha dirisha, nao ni mdundo wa besi. Sababu yake ni ya kimaumbile. Sauti nyembamba hufifia upesi hewani na huzuiwa na kuta, ambapo sauti nzito huzunguka pembe za nyumba na kupenya mpaka chumbani ulikolala.

Hata hivyo, mwenye kuitoa sauti hiyo ni mtu asiyetazamwa sana jukwaani. Wengi wetu twamkumbuka marehemu Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, lakini ni wangapi wawezao kulitaja jina la Tom Malanga, aliyelikung'uta gita zito la besi katika bendi hiyo? Mpiga besi ni kama msingi wa nyumba: hapana anayeusifu mpaka siku ukuta unapopata ufa.

Leo tunazungumza nawe juu ya gita hilo kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kuingia nyumbani mwako. Kijana wako anaimba kwaya, au amejiunga na wenzake katika bendi ndogo ya mtaani, na jioni moja amekuja kukuomba fedha ya kununua besi. Kama wewe ni mkulima wa Itilima au Maswa, fedha hiyo ni ya pamba, nayo huja mara moja kwa mwaka. Kama wewe ni mfanyakazi wa mjini, umeikata katika mshahara. Ikitumika vibaya hairudi upesi. Na lililo baya zaidi, kijana aliyenunuliwa chombo kibovu hukata tamaa, akaitwa mvivu na mtu asiye na kipaji, kumbe kosa halikuwa lake.

UBISHI USIOKWISHA

Waweke pamoja wapiga besi watatu, na kabla chai haijapoa watakuwa wamekwisha kubishana. Mmoja atasema hapana besi isipokuwa Fender. Wa pili atajibu kwamba Yamaha au Ibanez yafanya kazi ile ile kwa fedha pungufu. Wa tatu atawacheka wote wawili na kusema kwamba sauti imo katika nyuzi, si katika jina lililoandikwa kichwani mwa gita. Kisha watageukia mkono: je, besi ipigwe kwa vidole vitupu, au kwa kile kipande kidogo cha plastiki cha kucharazia?

Ili tuweze kuamua, yatupasa tujue kwanza chombo hiki kimetoka wapi. Zamani kazi ya besi ilifanywa na fidla kubwa isimamayo wima, inayomzidi mpigaji kwa kimo. Fidla hiyo bado hutumika katika taarabu ya Unguja, mathalan katika kundi la Culture Musical Club. Ni kubwa, ni nzito kuisafirisha, na katikati ya matarumbeta sauti yake humezwa. Mwaka 1951 fundi mmoja wa California, Leo Fender, alianza kuuza gita la besi la umeme aliloliita Precision, yaani la uhakika. Alilipa jina hilo kwa sababu shingo yake ilikuwa na vyuma vinavyomwonyesha mpigaji mahali hasa pa kuikata sauti. Urefu wa uzi unaotetemeka ulikuwa kama sentimita 86, na nyuzi zilikuwa nne: E, A, D na G. Uzi mzito kuliko zote, yaani E, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na ule mwembamba, G, mara 98. Vipimo hivyo ndivyo vinavyofuatwa na viwanda vingi mpaka leo.

Basi, ndugu msomaji, umeona kwamba umbo hilo si siri ya kiwanda kimoja tena. Mbao, nyuzi nne, na chini yake sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inayogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme: hilo ndilo gita la besi, liwe la bei kubwa au la bei ndogo.

MKONO NDIO MWENYE SAUTI

Mfano mzuri ni Mmarekani James Jamerson, aliyepiga besi katika santuri nyingi zilizotoka mjini Detroit miaka ya 1960. Alitumia zaidi kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, juu ya nyuzi bapa, na nyuzi hizo alizibadilisha kwa nadra sana. Wapo walionunua gita kama lake na nyuzi kama zake, wasiipate sauti yake.

Hata huku kwetu, ubora wa mpiga besi wa muziki wa dansi haupimwi kwa wingi wa sauti anazopiga, bali kwa zile anazoziacha. Dansi letu limekulia katika mapigo ya Kikuba yaliyofika Afrika Mashariki kwa santuri, na katika mapigo hayo mpiga besi mara nyingi halisubiri pigo la kwanza. Hulitangulia, kisha akanyamaza kidogo ili ngoma zijibu. Kunyamaza huko hakuuzwi dukani. Hufundishwa na sikio, na hukomazwa na mazoezi ya kila siku.

Wasukuma walilijua jambo hilo kabla ya gita. Katika mashindano ya Wagika na Wagalu, makundi mawili hucheza wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Hapana jaji anayeuliza ngoma imechongwa na nani. Watu hufuata mdundo. Na katika ngoma ya Bugobogobo mchezaji huja uwanjani na jembe, chombo kile kile cha shambani, akalirusha na kulidaka kwa mapigo.

Hapo ndipo ile methali ya wahenga isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima inapopata nguvu zake. Kijana anayesema hawezi kuanza kujifunza mpaka apate gita la jina kubwa, huyo hajataka kulima.

LAKINI TAZAMA MPINI

Pamoja na hayo, methali hiyo ni nusu ya ukweli. Mkulima hachagui jembe kwa jina la kiwanda, lakini kabla ya kulipa huutikisa mpini. Jembe lililolegea humtoa malengelenge hata mkulima hodari. Kwa hiyo, mzazi, uendapo dukani au kwa mtu anayeuza gita lililotumika, usitazame rangi. Fanya haya.

Kwanza, lishike gita kama mtu anayelenga bunduki, uitazame shingo yake kutoka kichwani kwenda chini. Ikiwa imejipinda kama bawa, liache. Upindo mdogo wa kwenda mbele huweza kurekebishwa na fundi kwa kukaza chuma kilichomo ndani ya shingo, lakini shingo iliyojisokota ni hasara.

Pili, chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka pale nyuzi zinapoanzia kichwani mpaka chuma cha 12, kisha kutoka hapo mpaka kwenye daraja la nyuzi. Vipimo hivyo viwili viwe karibu sawa. Katika gita la sentimita 86, kila nusu ni kama sentimita 43. Vikitofautiana sana, gita hilo litaimba upotovu juu hata likikazwa vizuri chini, na kwaya nzima itapotoka pamoja nalo. Kwa kijana mwenye mikono midogo, yapo magita mafupi ya sentimita 76 hivi, nayo si ya kudharauliwa.

Tatu, mwambie kijana apige kila chuma katika kila uzi, polepole. Palipo na mlio wa kukwaruza au pasipotoa sauti, pana kasoro. Kisha azungushe vifundo vya sauti: vikitoa kelele kama karatasi inayokunjwa, jua vina vumbi au vimechakaa. Hilo ni jambo dogo kwa fundi wa redio, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Kuhusu nyuzi, zipo za aina mbili kubwa. Zilizozungushiwa waya wa mviringo hutoa sauti kali na yenye kung'aa. Zile bapa hutoa sauti nene iliyotulia, nazo hukaa muda mrefu. Seti ya nyuzi za besi si rahisi kwa bei. Nyuzi zikichoka kwa jasho na uchafu, wapiga besi wengi huzitoa, wakazichemsha kwa dakika chache katika maji safi na kuzikausha kabisa. Uhai huzirudia kwa muda, ingawa si kwa siku nyingi. Dawa iliyo bora ni kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na kitambaa hakina gharama.

AMPLIFAYA NA HATARI YA UMEME

Kosa linalotendwa mara nyingi ni kutumia fedha yote kwa gita, kisha kulichomeka katika amplifaya ndogo ya gita la solo. Sauti nzito hudai kusukuma hewa nyingi, na spika ndogo ikilazimishwa hupasuka. Kwa mazoezi ya chumbani, wati 15 au 20 za amplifaya ya besi zatosha. Penye ngoma na matarumbeta, wati 100 ni mwanzo tu, na spika iwe ya inchi 10, 12 au 15. Kama fedha ni kidogo, heri gita la wastani na amplifaya ya kufaa kuliko gita la fahari lisilosikika.

Lipo na jambo la uhai. Nyuzi za gita la umeme huunganishwa na waya wa ardhi kupitia amplifaya. Waya huo ukikatwa, au ukichomeka plagi ya miguu miwili kwa kulazimisha, mpigaji anayegusa nyuzi na maikrofoni kwa wakati mmoja aweza kuwa njia ya umeme. Mwezi Mei 1972, mpiga gita Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, huko Wales, kwa namna hiyo. Katika harusi zetu, ambapo umeme huvutwa kwa waya mrefu kutoka nyumba ya jirani au hutoka kwenye jenereta, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kijana akisema maikrofoni inampiga shoti mdomoni, si jambo la kucheka. Zimeni vyombo, mwiteni fundi.

CHOMBO NI CHA NANI?

Mwisho, mzazi, jiulize gita hilo litakuwa mali ya nani. Kwa miaka mingi bendi zetu kubwa zilimilikiwa na mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuwa kwanza ya shirika la magari ya abiria na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam mwaka 1983. Mwanamuziki alipata mshahara, lakini vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mwaka 1985, Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walipoihama Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound, waliondoka na sauti zao. Mwimbaji akihama, koo lake huenda naye. Mpiga besi asiye na gita huondoka na vidole vitupu.

Kwa hiyo, kikundi kikichanga fedha, na kiandike katika daftari: nani ametoa nini, nani atalitunza gita, na anayeondoka atarudishiwa kiasi gani. Daftari la kurasa chache limeokoa undugu mwingi. Na kama ni fedha yako peke yako, gita na lilale nyumbani kwako, mbali na jua na mbali na bati la moto, lisiegemezwe ukutani kwa shingo yake.

Siku hizi kinanda cha umeme huweza kuiga besi kwa mkono wa kushoto, na wenye harusi wengi huridhika nacho. Haya ndiyo mashindano anayoyaingia kijana wako. Hatayashinda kwa jina lililoandikwa kichwani mwa gita. Atayashinda siku watu watakapoacha viti vyao na kuingia uwanjani bila ya kujua nani amewainua. Mtikisie mpini, mlipie jembe lililo zima, kisha mwache alime.