Mwanga mkali si dalili ya tochi imara

WAFANYAKAZI wa zamu katika viwanda vya Industrial Area jijini Nairobi hutoka makwao kabla ya kupambazuka, na wengine hurejea giza likiwa limetanda. Kwa anayefuata barabara ya Lunga Lunga kisha kuingia vichochoro vya Mukuru, penye mitaro iliyo wazi, tochi ni kifaa cha kazi sawa na buti na ovaroli. Taa ya simu humulika pia, lakini humwonyesha mporaji mahali simu ilipo.

Tochi za LED zimejaa vibandani kwa bei nafuu. Taabu ni kuwa nyingi hazidumu. Katika ripoti iliyotolewa mwaka wa 2010, watafiti waliowahoji watumiaji 46 mjini Kericho na sehemu nyingine za Bonde la Ufa waligundua kwamba asilimia 87 walikuwa wamepata hitilafu katika muda wa miezi sita.

Ajabu ni kwamba LED yenyewe si dhaifu. Haina waya mwembamba wa kukatika kama balbu ya zamani, na ikipozwa vyema huwaka kwa maelfu ya saa. Kinachoiua ni joto. Katika tochi duni, LED ndogo ndogo huunganishwa moja kwa moja na betri bila kidhibiti cha umeme. Humeremeta mbele ya mnunuzi, kisha hufifia upesi. Ndiyo sababu bomba la alumini, linalotoa joto nje, hushinda plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Alumini hutambulika kwa ubaridi wake mkononi.

Swichi ndiyo ya kukaguliwa kwa makini zaidi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aibonyeze mara ishirini hivi, kisha aitikise tochi ikiwa inawaka. Ikipepesa, viungo vya ndani vimelegea na hakuna haja ya kuendelea kuulizia bei.

Tochi nyingi za kuchaji zenye plagi ya kuchomeka ukutani hutumia betri ya risasi na asidi, ya aina moja na ile ya gari. Betri hiyo ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, hufanya ganda gumu la salfati ndani na haishiki tena chaji. Mwenye nayo hana budi kuichaji kila baada ya kuitumia.

Zile za lithiamu aina ya 18650, zenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, ni bora zaidi, ila zina ulaghai wake. Betri halisi ya kipimo hicho haizidi sana miliampi-saa 3,500. Iliyoandikwa 9,900 ni uongo mtupu. Asiye na umeme wa kutegemewa nyumbani heri atumie tochi ya betri ndogo za AA, zinazopatikana katika karibu kila duka mtaani.

Hata saa zilizoandikwa kwenye kasha zahitaji kusomwa kwa tahadhari. Chini ya kiwango cha Marekani cha FL 1, kilichotolewa mwaka wa 2009, muda huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Alama ya IPX4 yamaanisha tochi huvumilia maji ya kurushiwa, kama mvua ya masika. IPX7 hustahimili kuzama mita moja kwa nusu saa, jambo la maana kwa anayevuka mitaro ya Mukuru usiku.