Puto la Unguja na Makaa ya Nakuru

Paukwa! Haya, mmeitika pakawa, basi sogeeni. Hadithi ya leo inaanzia mbali kidogo na mtaa wa Kaptembwo hapa Nakuru, lakini tutarudi nyumbani kabla giza halijaingia.

Mwaka 1863 Mfaransa mmoja, Jules Verne, alichapisha riwaya yake ya kwanza. Inahusu wanaume watatu wanaovuka Afrika kwa puto. Wanaondokea wapi? Si Paris wala London. Wanapaa kutoka Unguja tarehe 18 Aprili 1862, wanapita juu ya bara letu, na baada ya wiki tano wako Senegali. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba hadithi za kubuni za kisayansi ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu, mwambieni kwamba mmoja wa mababu wa hadithi hizo aliianzisha riwaya yake ya kwanza kwenye pwani yetu. Shida ni namna alivyotupitia.

Maputo ya zamani yalikuwa na kasoro yake. Ukitaka kupanda, unamwaga mchanga. Ukitaka kushuka, unaachia gesi. Mchanga na gesi vikiisha, na safari imekwisha. Verne akajiuliza: itakuwaje mtu akiweza kuipasha gesi moto ili ipanuke na puto lipande, kisha akaiacha ipoe ili lishuke, bila kupoteza gesi yenyewe? Akampa mhusika wake, Daktari Fergusson, mtambo wa kufanya hivyo. Hicho ndicho alichobuni. Vingine vyote akavipigia hesabu kama mwenye duka anayefunga daftari jioni: uzito wa watu, maji, chakula, nanga, bunduki. (Fundi wa kuchomelea vyuma pale kwenu atawaambia kwamba ukiwasha moto karibu na haidrojeni, gesi iliyokuwa ndani ya puto lile, hutakuwa na haja ya kushuka, utashushwa. Hilo tumsamehe.)

Kanuni ya kazi hii ndiyo hiyo. Buni kitu kimoja, kisha kila kinachofuata kilipe deni la kile ulichobuni. Ukibuni kila kitu kwa mpigo, umetunga ngano ya zimwi. Ngano ni tamu, nami huila kama mwingine yeyote, ila ni chakula cha sahani nyingine.

Sasa puto likafika Kaze, mji wa misafara uliokuwa karibu na Tabora ya leo. Kwa mujibu wa Verne, watu walipoliona wakadhani ni mwezi umeshuka kuwatembelea. Daktari akapokewa kama mwana wa mwezi na kupelekwa kumwangalia sultani aliyekuwa mahututi. Mambo yakaenda vizuri hadi mwezi wenyewe ulipochomoza. Watu wakatazama juu, wakaona miezi miwili, wakajua wamechezewa. Wasafiri wakatimua mbio na kurudi hewani.

Chekeni, inachekesha. Halafu mfikirie kidogo. Wanyamwezi, wenyeji wa sehemu hiyo, miaka ile walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri. Walitembea kwa miguu, miezi kwa miezi, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Walishaona bahari, majahazi na bunduki. Mtu aliyebishana bei na matajiri wa pwani akashinda hawezi kuuziwa puto kwa jina la mwezi. Verne hakuwa amekanyaga Afrika mashariki, alisoma vitabu vya wapelelezi wa Kizungu tu. Gesi aliipigia hesabu kwa makini sana. Watu hakuwapigia hesabu kabisa.

Ndiyo maana nawaambia kila hadithi ya kisayansi ina hesabu mbili, ya mtambo na ya watu. Mkisoma au mkitazama yoyote, kagueni zote mbili.

Najua ninyi mmeijua aina hii zaidi kwenye filamu, na wengi mmeisikia kwa sauti ya DJ Afro. Tanzania walikuwa na Lufufu wao, Uganda wana VJ Jingo. Hawa ni watu ninaowaheshimu. Wamechukua filamu iliyotengenezwa California, wakaimwagia maneno ya mtaani na utani juu yake, na kibanda kizima cha video kikacheka na kubishana. Huo nao ni uhakiki, hata kama hakuna aliyeshika kalamu.

Ila tazameni vyombo vya wageni kutoka angani huwa vinashukia wapi. Katika filamu ya Independence Day ya mwaka 1996 vinasimama juu ya New York, Washington na Los Angeles. Miaka 13 ikapita ndipo District 9 ikaleta chombo juu ya Johannesburg. Mle wageni si majitu ya kutisha. Wana njaa, wamechoka, wamerundikwa katika mtaa wa mabati, na siku moja maofisa wanawajia na makaratasi ya kuwafukuza ili watie sahihi. Mtoto aliyekulia kwenye ploti hahitaji kuelezwa filamu hiyo. Lakini Wanigeria waliomo wamechorwa kama majambazi watupu, na serikali ya Nigeria ikalalamika. Kumbe hata mtengenezaji aliyezaliwa Johannesburg anaweza kuikosea hesabu ya watu.

Turudi Kenya. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia kutoka pwani ambaye serikali ilikuwa imemweka kizuizini miaka ya themanini, alitoa riwaya ya Kiswahili iitwayo Walenisi. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo kwa kutiwa ndani ya chombo cha angani. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha, na anafika katika nchi ambayo watu wanaishi kwa usawa, hakuna anayemkalia mwenzake kichwani. Msimuulize Mkangi chombo kile kinakwenda kwa mafuta gani, hakujisumbua sana na hilo. Uzito wake aliuweka kwenye hesabu ya watu: nani anamiliki nini, nani anafanya kazi, nani anakula. Mtu aliyefungwa kwa mawazo yake ana sababu nzuri ya kuwaza nchi nyingine.

Mimi mwenyewe ninaipenda zaidi Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Nairobi, ya mwaka 2009. Ni ya dakika ishirini na kitu tu. Vita vya maji vimeshapita, dunia ya nje imekauka, na watu wanaishi wamefungiwa ndani ya mji. Kila tone linahesabiwa. Jasho linakusanywa, mkojo unasafishwa na kunywewa tena. Umeme unatoka miguuni na mikononi mwa watu wanaokimbia na kuvuta mashine kutwa. Hata ndoto zinakatazwa, na ukiota unaamriwa kumeza kidonge. Halafu Asha, anayefanya kazi katika makumbusho, analetewa udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu, inachipua, naye anataka kutoka nje kutafuta udongo huo ulikotoka. Wakubwa wanamkatalia. Mwisho sitawaambia. Hesabu zote mbili zimefungwa, na hakuna senti iliyopotea.

Kwa nini nawaambia haya watoto wa Kaptembwo? Kwa sababu foleni ya mitungi ya maji mnaijua. Mnajua pia kwamba maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi, ile inayoyafanya meno ya watu wengi wa kwetu kuwa ya kahawia. Je, mnajua floridi hiyo inaweza kuchujwa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa? Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya aina hiyo. Na kuna jambo lingine linalonisisimua zaidi. Hapa Nakuru kampuni ya maji na maji taka ilianzisha kazi ya kugeuza kinyesi kuwa makaa ya kupikia. Lori linanyonya choo, uchafu unakaushwa, unachomwa kwenye tanuri, unachanganywa na vumbi la mbao lililochomwa pia na molasi ya kushikanisha, kisha unaviringishwa kuwa mabonge madogo. Yakikauka hayanuki. Kama mtu angeliandika hilo katika riwaya mwaka 1963, wangemwambia ametia chumvi.

Mtambo basi upo, na unafanya kazi. Hesabu ya watu nayo? Mama atakubali kupika chapati kwa makaa yale? Akikubali, atamwambia mgeni? Mwenye ploti akijua kwamba choo chake kina bei, ataanza kukifunga kwa kufuli? Mpangaji atadai kupunguziwa kodi kwa mchango wake? Mmecheka, lakini hapo hadithi imeshaanza, na hatujagusa hata roketi moja.

Au chukueni ziwa. Tangu karibu mwaka 2010 Ziwa Nakuru limekuwa likipanda. Limemeza misitu ya kando, limeingia kwenye nyumba za watu Mwariki, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine kwa sababu maji yaliyozimuliwa hayakuwa tena na chakula chao. Hayo ni kweli. Sasa bunini kitu kimoja: mwaka 2070, maji yamefika stegi ya matatu ya Kaptembwo. Nani anamiliki mashua? Nauli ni ngapi? Shule iko wapi? Viboko je?

Tafuteni Pumzi, muitazame pamoja siku ambayo hamna shule. Kisha bishaneni, na msimwonee haya Wanuri Kahiu kama mimi nisivyomwonea Verne. Atakayeona hesabu imekosewa mahali, aandike yake kwa Kiswahili. Vitabu vya aina hii katika lugha yetu bado ni vichache mno.