Kupasua Mwamba kwa Maji: Chombo Hupima, Mtu Huamua

Kupasua mwamba kwa maji ni njia ya kutoa gesi iliyonaswa ndani ya jiwe lililofanyika kwa tope la kale. Kisima huchimbwa kwenda chini, kisha hupindishwa kikalala ndani ya tabaka la mwamba. Maji yaliyochanganywa na mchanga na dawa kidogo husukumwa humo kwa pampu zenye nguvu nyingi. Mwamba hufanya nyufa, mchanga huzizuia zisifumbe, na gesi hupata njia.

Hapana mtu aonaye kilomita 2 chini ya ardhi. Kwa hiyo kazi hii huongozwa na vyombo. Shinikizo la maji likipita kiwango kilichowekwa, pampu hujizima pasipo kungojea mkono wa mtu. Vyombo vingine hupima mitetemo ya ardhi.

Mwaka 2011, kazi ya namna hii huko Preese Hall, katika Lancashire, Uingereza, ilileta tetemeko la kipimo cha 2.3. Baadaye serikali ikaweka kanuni iliyofananishwa na taa za kuongozea magari: chini ya 0 ni kijani, tangu 0 mpaka 0.5 ni manjano, yaani hadhari, kufikia 0.5 ni nyekundu, na pampu husimama saa 18. Mtetemo wa 0.5 ni mdogo hata mtu hawezi kuutambua.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi. Kampuni ya Cuadrilla ilianza kupasua mwamba Preston New Road, katika jimbo lilo hilo, Oktoba 2018. Ikasimamishwa mara kadha wa kadha, ikadai kwamba kiwango kile ni kidogo mno. Wapinzani hawakukubali kiongezwe. Tarehe 26 Agosti 2019, pampu zikiwa zimekwisha kuzimwa, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 2.9. Kila namba moja ya kipimo hiki huzidisha mtikisiko mara 10, basi 2.9 ni kama mara 250 ya 0.5. Novemba serikali ikaisimamisha kazi hiyo. Septemba 2022 iliruhusiwa, na Oktoba ikazuiwa tena.

Sasa tutazame Fox Creek, katika Alberta, Kanada, palipo watu wachache. Kanuni ya huko ya mwaka 2015 iliweka nyekundu kwenye 4.0. Je, vyombo vya Kanada ni hodari kuliko vya Uingereza? La. Kinachotofautiana ni uamuzi wa watu.

Yafaa basi tuyaangalie maneno yetu. Tusemapo kwamba mtambo "hujizima", kiambishi -ji- huufanya mtambo kuwa mtenda na mtendwa, na yule aliyeweka kiwango hutoweka katika sentensi. Hali yeye ndiye apasaye kuulizwa: ni nani aliyeiandika namba hii, na nyumba ya nani itatikisika ikiwa amekosea?