Neno Lirudishwe kwa Mwenyewe

Ndugu askari, yumkini umewahi kukaa mezani kituoni, kalamu mkononi, na mbele yako mtu aliyeibiwa ng'ombe au aliyepotelewa na mwana, yeye akisema na wewe ukiandika. Umalizapo, kanuni yakutaka umsomee maelezo yake kabla hajatia sahihi au dole gumba. Sisi tunaokusanya maandishi ya watu wengi na kuyafanya kitabu kimoja tuna kazi ya namna hiyo hiyo. Leo twapenda kukusimulia jinsi siku zetu zipitavyo baina ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na jinsi tulivyokaribia kuisahau kanuni ile ambayo wewe waijua.

Siku yetu huanza mapema mjini Mbarara, mji ambao tangu tarehe 1 Julai 2020 wahesabiwa kuwa jiji. Kwanza chai ya maziwa, maana kuishi Ankole bila maziwa ni sawa na kuishi pwani bila samaki. Kisha twafungua bahasha. Mna madaftari ya shule yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, mna karatasi zilizokunjwa mara nne, na siku hizi hadithi nyingine hutufikia kwa simu ya mkononi. Twasoma, twachagua, twapanga, twasahihisha; na lililo gumu kuliko yote, twakataa. Hadithi isiyoingia kitabuni nayo ina mwenyewe, na mwenyewe hapana budi ajibiwe kwa heshima.

Watu hutuuliza kazi hii ina faida gani. Twawajibu kwa mfano wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840. Aliishi katika siku za uhasama baina ya Mombasa na Sayyid Said wa Oman, na mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa na Mwingereza W. E. Taylor wasingaliyakusanya kabla wazee walioyahifadhi hawajaisha, diwani iliyotolewa na W. Hichens mwaka 1940 isingalipatikana, na sehemu kubwa ya maneno ya Muyaka ingalizikwa pamoja na wazee hao.

Baada ya kazi ya mezani huja safari. Nakivale iko kusini-mashariki ya Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Njiani ni migomba kilima baada ya kilima, na ng'ombe wa pembe ndefu. Makazi haya ni miongoni mwa yale ya zamani sana barani Afrika: wa kwanza kupokewa walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mgeni mwenye shughuli huko hutakiwa kuwa na kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, nasi hukionyesha kila tufikapo Base Camp. Sokoni, Msomali akimwuzia Mkongo sukari, lugha inayowakutanisha mara nyingi ni Kiswahili.

Huko ndiko tulikopewa daftari la mama mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini. Jina lake hatulitaji. Ameandika habari za mwaka 2012, mwaka ule waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, alipokimbia na watoto watatu akafika na wawili. Mahali penyewe ameandika hivi: "Basoda balikuya usiku. Mutoto akapoteya." Basi. Hakusema basoda wa upande gani, nasi hatukumwuliza.

Tulirudi na daftari hilo Mbarara, tukalitia wino mwekundu. Tukaandika: "Wanajeshi walikivamia kijiji chetu usiku wa manane, na katika purukushani ile mwanangu mpendwa alitoweka." Tukajisifu moyoni kwamba tumempa Kiswahili sanifu, na tukaona tumemsaidia.

Tuliporudi kumsomea, alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake mapajani. Kisha akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya redio. Miye sikusema vile." Tukamweleza habari za sarufi. Akatikisa kichwa. "Niliandika mutoto. Na jina yake nitaandika, na yangu pia, juu akisoma ajue mama yake iko hapa."

Hapo tukanyamaza. Habari ya maneno ilikuwa kosa letu, na kosa hurekebishwa. Habari ya jina ilikuwa nzito zaidi. Aliyekimbia, kuna aliyemkimbia. Jina na kijiji vikichapwa, vyaweza kusomwa na mwana aliyepotea, na vyaweza pia kusomwa na yule aliyekimbiwa.

Jioni ile tulikosa gari la kurudi, tukaingia katika kibanda cha sinema. Palikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni moja, na vijana wengi waliolipa kiingilio chao. Kama ujuavyo, hapa Uganda filamu za kigeni huwa na mfasiri ambaye watu humwita vijei. Sauti yake hurekodiwa juu ya sauti za wachezaji, aghalabu kwa Kiganda. Vijei wa jioni ile alikuwa hodari wa kuchekesha. Mzee mmoja katika filamu alikuwa akimlilia mwanawe, naye vijei akatia mzaha juu ya bei ya matoke. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nasi tulicheka, kisha tukaona haya, kwa kuwa machozi ya yule mzee hakuna aliyeyasikia tena. Ndivyo tulivyolifanya daftari la mama yule, tofauti ni kwamba sisi hatukuchekesha.

Jumapili ni siku yetu ya mapumziko. Mchana hucheza omweso, yaani bao la huku kwetu, pamoja na jirani yetu, sajini mstaafu wa polisi, ambaye hutushinda karibu kila mara. Tulimweleza mkasa wetu. Akazipanga kete zake taratibu, akasema: "Mimi kazini niliandika kama mtu alivyosema, hata yakiwa matusi. Ukimtengenezea shahidi maneno, mbele ya hakimu atashindwa kuyatambua." Na kuhusu jina akasema: "Mlinzi hamwamulii mwenye nyumba. Humwambia hatari aliyoiona, kisha hulinda."

Tukarudi Nakivale mara ya tatu. Maneno yake tuliyarudisha yote, na wala hatukuweka maelezo chini ya ukurasa, maana ni nani asiyejua mutoto ni nani? Kuhusu jina, tulimweleza hatari tulizoziona. Tukamweleza pia kwamba Msalaba Mwekundu unayo huduma ya kuwatafuta jamaa waliopotezana, na kwamba jina laweza kupitia huko bila kutangazwa kwa kila mtu. Akaomba muda wa kufikiri. Mwishowe alichagua mwenyewe: kitabuni liingie jina la nyumbani la mwanawe tu, lile ambalo mtoto akiliona atalijua, lake mwenyewe lipelekwe Msalaba Mwekundu. Mpaka leo mwana hajapatikana. Ukurasa wake uko tayari.

Ndugu askari, twajua kwamba Kiswahili chako cha kambini nacho huchekwa na baadhi ya wasomi. Usikionee haya. Ndicho kilichotembea na majeshi ya nchi hizi tangu zamani, na marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Ikiwa una kisa cha zamu, cha safari au cha vita, kiandike kama unavyokisema kwa wenzako jioni, ukihifadhi siri za kazi kama kiapo chako kinavyokutaka.

Na siku utakapokaa tena mezani, mtu mwenye dhiki akiwa mbele yako, andika alilosema, msomee, kisha ungoje. Akitikisa kichwa, futa uandike upya.