Kabla hujaifowadi hiyo picha

Leo naomba tuweke utani pembeni kidogo.

Juzi nipo kafe, washkaji watatu wamejazana kwenye simu moja, wanacheka. Kuuliza, naambiwa ni picha ya utupu ya binti wa mtaani kwetu, yuko kidato cha pili. Alimtumia mpenzi wake, jamaa kaisambaza. Sasa binti haendi shule, nyumbani kachapwa, na kila akipita anazomewa.

Wazee wanasema simu imemharibu. Mimi nikaingia mtandaoni kusoma.

Mwaka 2014 jarida la Pediatrics la Marekani lilitoa utafiti wa vijana wa miaka 12 hadi 14 huko Rhode Island, ambao tayari walikuwa na dalili za matatizo ya hisia au tabia. Asilimia 22 walikiri kutuma meseji au picha za ngono ndani ya miezi 6. Waliotuma walipata shida zaidi kutambua hisia zao, na hawakujiamini kwamba wanaweza kuzitawala.

Msinielewe vibaya. Utafiti hausemi kipi kilianza. Labda mwenye upweke ndiye anayetafuta kupendwa kwa picha. Labda aibu ya picha ndiyo inayomvuruga mtu. Yote mawili hayatibiwi na fimbo. Dogo wa hivyo anahitaji mtu wa kumuuliza: una nini?

Halafu kuna sisi tunaofowadi. Mwaka 2018 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi wa tafiti 39, ukaonyesha karibu asilimia 12 ya vijana wameshasambaza vitu vya wenzao bila ridhaa. Hapa Tanzania, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kusambaza picha zake za ngono kuwa kosa la jinai. Ukisema "nimefowadi tu" hakukuokoi.

Kama yamekukuta, usikae nayo peke yako. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Wale washkaji niliwaambia wafute. Wawili walifuta. Wa tatu akaniita mshamba. Mdau, najua unasoma hapa. Ifute.

Haya, nawasilisha. Maoni yenu tafadhali.